Maswali na Majibu: Usiwe Mteja wa Aliyemwiba Mbwa Wako

Barua za mwezi huu karibu zote zina kisa kimoja: mbwa hayupo, simu imelia, pesa zimetumwa, mbwa bado hayupo. Nimechagua chache. Niliyowahi kuyajibu nayajibu tena, maana inaelekea hayasomwi mpaka siku geti linapokutwa wazi.

Mbwa wetu alipotea Jumapili. Jumatatu mtu akapiga simu akasema anaye Kiambu, nitume elfu tatu za mafuta amlete. Nimetuma, sasa hapatikani. Nifanyeje? (Msomaji, Ruiru)

Pole sana. Huyo hakuwa na mbwa wako, alikuwa na tangazo lako. Ulimwandikia jina, rangi, mtaa, hata doa jeupe la kifuani, naye akakusomea maneno yako mwenyewe. Nenda kituo cha polisi uandikishe, upewe nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), na ule ujumbe wa muamala usiufute.

Kisha andika tangazo upya, na safari hii uache alama moja inayojulikana nyumbani kwenu tu: ukucha mweusi kati ya kucha nyeupe, kovu ndani ya sikio, jino lililovunjika. Kila anayepiga mwulize hiyo. Akisema "tuma kwanza nitaangalia", kata simu. Picha isikutoshe, kwa kuwa anaweza kuitoa kwenye tangazo hilohilo. Omba simu ya video, umwone mbwa wakati huohuo mnapoongea. Mkutane kituo cha polisi au kituo cha mafuta chenye watu. Pesa isitoke kabla mkono wako haujamshika mbwa. Nimeliandika hili mara nyingi hadi linanichosha, lakini nitaendelea kuliandika, kwa sababu matapeli wanaishi kwa zile saa chache ambazo mwenye mbwa hawezi kufikiri sawasawa.

Nataka kuweka zawadi ya laki moja na kuandika "hakuna maswali yatakayoulizwa" ili aliyemchukua asiogope. Ni wazo zuri? (Msomaji, Lang'ata)

Si zuri, na hapa Kenya ni kosa la jinai. Kifungu cha 120 cha Kanuni ya Adhabu kinakataza kutangaza hadharani zawadi ya kurudishiwa mali iliyoibwa huku ukiahidi kwamba hakutakuwa na maswali, au kwamba mwenye kuileta hatakamatwa. Wengi hawakijui, na kila wiki naona mabango yanayokivunja.

Mtindo wa kuwalipa wezi kama hivyo ni wa zamani. Katika London ya karne ya 19 kulikuwa na magenge yaliyoiba mbwa wa wenye nacho na kuwarudisha kwa malipo. Mshairi Elizabeth Barrett aliibiwa mbwa wake, Flush, mara tatu. Mara ya tatu, mwaka 1846, alilipa gini sita (pesa ya zamani ya Uingereza), ingawa mchumba wake Robert Browning alipinga kuwalipa watu hao. Simlaumu mama huyo kwa kumpenda mbwa wake. Lakini mara tatu! Nyumba inayolipa hujulikana, na mwizi hurudi palipomlipa.

Karibu na siku zetu, Februari 2021 mjini Los Angeles, majambazi walimpiga risasi mtu aliyekuwa akiwatembeza mbwa wa mwimbaji Lady Gaga na kuondoka na wawili. Zawadi ya dola 500,000 ikatangazwa, bila maswali. Mwanamke aliyewaleta mbwa polisi alikuja kushtakiwa kwa kupokea mali ya wizi, na baadaye akaenda mahakamani kudai zile dola. Jaji alimkatalia mwaka 2023.

Zawadi yenyewe siikatazi. Andika "zawadi itatolewa", usitaje kiasi. Kiasi kikubwa kinaleta matapeli kumi kabla ya msema kweli mmoja, na kinamfanya kijana aliyemwokota mbwa wako kwa nia njema aanze kupiga hesabu. Mkumbuke pia mwenye kuleta habari tu: mama mboga wa kona, mwendesha boda, mzoa taka anayepita alfajiri. Hao ndio wanaojua nani ameongeza mbwa uani.

Je, mganga anaweza kunionyesha aliko? (Msomaji, Kilifi)

Hapana. Hiyo pesa chapishia mabango.

Mbwa wangu ana chipu. Kwa nini daktari hawezi kuifungua kwenye kompyuta anionyeshe alipo? (Msomaji, Nakuru, na wengine sita)

Kwa sababu chipu haina betri wala haiongei na setilaiti. Ni kidude cha ukubwa wa punje ya mchele kinachokaa chini ya ngozi, katikati ya mabega, na kazi yake ni kutaja nambari ya tarakimu 15 mashine ya kusomea inaposogezwa karibu kabisa. Ni kitambulisho, hakifuatilii mtu. Kifaa cha kufuatilia ni kile cha kufunga shingoni, ambacho mwizi hukikata akakitupa mtaroni.

Swali ambalo mngepaswa kuniuliza ni hili: nambari hiyo imeandikishwa kwa jina la nani, na simu ipi? Nimekutana na mbwa wenye chipu ambao nambari zao hazikuwa na mtu nyuma yake, au zilibaki na simu iliyozimwa miaka minne iliyopita. Piga simu leo kwa aliyekuwekea, hakikisha.

Nilinunua mtoto wa German Shepherd barabarani kwa 6,000. Jirani ananiambia huenda ni wa wizi. Kosa langu liko wapi, mimi si nimelipa? (Msomaji, Kitengela)

Kosa lako ni kununua kitu hai dirishani mwa gari, kwa mtu usiyejua hata jina lake, wakati taa ni nyekundu. Nakwambia kwa ukali kwa sababu wewe na wenzako ndio soko. Wizi wa watoto wa mbwa ungekauka kama wanunuzi wangeuliza maswali matatu tu: mama yake yuko wapi nikamwone, kadi ya chanjo iko wapi, na kama unamwita wa mbegu safi, cheti cha East Africa Kennel Club, chama kinachosajili mbwa wa mbegu safi, kiko wapi. Muuzaji wa kweli atakupeleka nyumbani kwake ukamwone mama akinyonyesha. Wa barabarani atakwambia kadi ameisahau.

Na sheria isikuhadae. Chini ya kifungu cha 275 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya wizi wa kawaida adhabu yake haizidi miaka 3. Kupokea mali ukijua, au ukiwa na sababu ya kuamini, kwamba ni ya wizi, kifungu cha 322, inafika miaka 14. Bei ya kutupa na muuzaji anayechungulia polisi ni sababu ya kutosha kushuku. Ukiacha sheria, wengi wa watoto hao wametolewa kwa mama kabla ya wiki nane, hawajachanjwa, na parvo, ugonjwa wa virusi wa kuhara, huwamaliza siku chache baada ya kufika kwako. Mpeleke kwa daktari wa mifugo kesho, aangaliwe afya na asomwe chipu. Ikionekana ana mwenyewe, mrudishe.

Polisi walinicheka nilipokwenda kuripoti. (Msomaji, Dar es Salaam)

Uliwaambia "mbwa amepotea". Waambie "nimeibiwa mali", ukiwa na risiti, kadi ya chanjo na picha, na usiondoke bila RB (nambari ya taarifa yako polisi). Wasomaji wa Kenya, kwenu ni OB. Sheria zetu zinamtaja ng'ombe, mbuzi, punda, ngamia, hata mbuni, katika wizi wa mifugo wenye adhabu kali, mbwa hayumo. Uingereza walilitazama upya: tangu Agosti 2024, England na Ireland Kaskazini zina kosa mahususi la kuchukua mbwa au paka wa mtu, adhabu hadi miaka 5. Wabunge wetu wangeweza kuiga bila gharama yoyote.

Paka wangu hajaonekana siku tatu. Nahisi kaibwa. (Msomaji, Mombasa)

Huenda hajaibwa. Paka wa ndani akitishwa hujificha karibu na kunyamaza, hata ukimwita. Toka usiku wa manane kukitulia, na tochi: macho yake yatang'aa. Angalia chini ya magari, kwenye mapaa, vyoo vya uani, stoo za majirani. Omba wafungue, usiridhike na "hayupo".

Kuna vijana wanaojiita wapelelezi wa mbwa. Wanataka malipo akipatikana tu. Niwaamini? (Msomaji, Thika)

Mtafutaji mzuri hulipwa kwa kazi yake: kuzunguka, kuuliza, kubandika, kulala nje. Anayedai hataki kitu mpaka mbwa apatikane, kisha anampata kesho yake na hawezi kukueleza alimkuta kwa nani, mtilie shaka. Mtake akupe jina na kitambulisho, na kila mahali alipopita. Na asijue ile alama ya siri.

Nimemwona mbwa wangu kwenye uwanja wa mtu Kasarani. Niruke ukuta usiku nimchukue? (Msomaji, Roysambu)

Usithubutu. Mtu akipiga kelele za mwizi, hakuna atakayekuuliza mbwa ni wa nani, na wewe unajua kelele hizo huishia vipi. Piga picha ukiwa barabarani, chukua OB yako na karatasi zote, mwombe askari muandamane na daktari mwenye mashine ya kusomea chipu. Ile alama ya siri mwambie askari kabla geti halijafunguliwa, si baadaye. Na uende leo, kabla hajahamishwa.