Barua kwa Mwanangu: Asikie Kabla Hajahesabu

Mwanangu mpenzi,

Barua yako imenifikia salama. Umeniuliza kama insha za Shaaban Robert juu ya ushairi bado zinamfaa mtu anayejifunza uhakiki leo. Nami nataka kwanza nikwambie kwamba mhakiki sharti asikie kabla hajahesabu, jambo ambalo mzee yule wa Vibambani alilijua. Aliuita ushairi sanaa ya vina, lakini hakuishia hapo. Alitaka pia ufasaha wa maneno machache. Tena mwaka 1958, miaka 8 baada ya Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, kufariki, alitoa wasifu wake, akaienzi sanaa ya mwanamke wa Fumba aliyewahi kutembeza vyungu na ambaye hakujua kusoma. Angempima kwa maandishi tu, asingeona kitu.

Lile daftari langu la darasa la saba unalijua, ingawa sikukusimulia yote. Mstari wenyewe wa shairi langu ulikuwa huu: "Mama kenda kisimani, na jua limezama." Mwalimu aliuhesabu kwa vidole mbele ya darasa zima, akapata mizani, yaani silabi, 15 badala ya 16, akaukata kwa wino mwekundu na kusema kuwa hilo si shairi. Jioni babu yako, akitengeneza wavu wake barazani pale Ngamiani, aliniambia niuimbe. Niliuimba huku nalia. Akaurudia polepole, akatua katikati, kisha akasema, "Nalo jua limezama." Silabi moja tu, na mstari ukakaa.

Utasema mwalimu hakukosea hesabu. Ni kweli, hakukosea, nami mwenyewe nimewafundisha watoto wa watu mizani hiyo hiyo miaka mingi. Pasipo hesabu, hata babu asingejua pengo liko wapi. Au angejua? Nadhani sikio lake lilifika kabla ya vidole. Wote wawili waliona kasoro ile ile, ila mmoja tu ndiye aliyeusikia mstari, na jambo hilo linaniuma hadi leo. Asikie kabla hajahesabu.

Basi zisome insha hizo, lakini uanze na ule wasifu. Ama shairi lako lisilo na vina ulilolitia ndani ya bahasha, ulimi unaniwasha, hasa juu ya ubeti wa tatu. Sitasema. Nimelisoma kwa macho tu. Njoo Idi unisomee mwenyewe, pale pale barazani.

Mama yako