Jiwe Lisilokwenda Popote Lionekane Linakimbia

Sanamu yangu ya kwanza ya mtindo huu, wa jiwe linaloonekana kukimbia, ilikatika ncha siku ya kuipaka nta. Wiki tatu za kazi, ncha ikabaki kiganjani kama kipande cha chaki. Lilikuwa jiwe la sabuni, lile laini la kuchonga, la Tabaka, kule Kisii. Nilitaka umbo jembamba, limelala nyuma kama linapasua upepo. Si ndege wala samaki, mwendo tu.

Maumbo ya namna hii yalishika kasi Marekani miaka ya 1930, treni na magari yalipoanza kuviringwa pua ili upepo upite. Treni ya Zephyr ya 1934 ilikuwa ya chuma kisichoshika kutu, kinachong'aa. Lakini mchongaji Constantin Brancusi, mzaliwa wa Romania, alishafika huko kwa marumaru mwaka 1923, alipochonga ndege wake asiye na mabawa wala macho. Ndege mwingine kama huyo, wa shaba, alipoingia Marekani mwaka 1926, maofisa wa forodha walimhesabu kama chombo cha jikoni, wakamtoza ushuru wa asilimia 40. Brancusi alishinda kesi ya kupinga ushuru huo mwaka 1928. Kwa hiyo jirani akikuuliza kama unachonga mchi, usinune.

Kabla hujagusa jiwe kwa panga au patasi, limwagie maji kisha liache likauke. Ufa hukawia kukauka, utauona kama uzi mweusi. Ligonge pia: jiwe zima hulia, lenye ufa hutoa sauti butu. Mimi sikufanya lolote kati ya hayo, haraka zangu. Na ncha iache nene mpaka mwisho kabisa, jiwe likiwa limelazwa juu ya mfuko wa mchanga.

Kazi yenyewe hasa iko kwenye tupa. Kinyago cha twiga kinaweza kuficha kosa kwenye madoa. Umbo tupu halina pa kulificha. Usiku washa taa moja, iweke ubavuni, zungusha jiwe polepole. Kivuli kikiruka, pana kinundu. Halafu fumba macho upitishe kiganja, maana vidole hugundua bonde ambalo macho yamelizoea. Ukikimbilia msasa mapema utakuwa unaling'arisha kosa.

Msasa ni wa maji, namba 120 hadi 600, maji yazuie vumbi; ukilazimika kukwangua pakavu, vaa barakoa. Nta hupakwa jiwe likiwa na joto la jua.

Ile iliyokatika niliifupisha kwa msumeno, nikaanza tena na tupa.