Jibu: Hereni zinauzika lakini faida siioni

Dada, umesema hereni zako za fedha zinatoka haraka lakini mwisho wa mwezi mfukoni hamna kitu, na kwamba bei unaipata kwa kuzidisha gharama ya madini mara mbili. Shida iko hapo hapo. Uzito wa fedha hausemi lolote kuhusu muda wako. Hereni nyepesi yenye maungio mengi ya kulehemu inaweza kumaliza mchana mzima, wakati bangili nzito ya kufua kwa nyundo inaisha upesi. Anza na saa zako: kukata, kulehemu, kupiga tupa (chuma cha kusugulia), kupiga msasa, kung'arisha, hata kupiga picha na kujibu wateja. Jilipe kama ambavyo ungemlipa fundi uliyemwajiri, ongeza madini, gesi na vifungashio, ndipo uweke faida juu yake. Mimi siuzi chini ya hapo hata kwa rafiki.

Kwenye madini, kumbuka bei ya dunia hutajwa kwa wakia ya gramu 31.1, si ile ya kawaida ya 28.35. Na vumbi linalotoka kwenye tupa usilifagie ukalimwaga, ni fedha hiyo.

Zile za tanzanaiti zipandishie bei bila kuona haya. Jiwe hilo la Mirerani, Tanzania, linataka uangalifu mkubwa kazini: lina ugumu wa 6 hadi 7 tu kwenye kipimo cha Mohs cha 1 hadi 10, na joto likibadilika ghafla linaweza kupasuka. Ukirekebisha pete ya mteja, litoe kwanza kabla ya kuwasha moto. Mkono wako ni mzuri, inaniuma kuona kazi ile inauzwa kwa bei ya shanga za plastiki.