Maswali ya Wasomaji: Bakteria wa Kumzuia Mbu Asieneze Malaria

SWALI: Nimesikia kwamba wanasayansi wanabadilisha jeni za bakteria ili mbu wasiweze kueneza malaria. Kwa nini wasiwaue mbu tu? Na je, bakteria hao hawawezi kutudhuru?

JIBU: Mbu wameuawa kwa dawa kwa miongo mingi, nao wamejenga usugu dhidi ya nyingi kati ya dawa hizo; ndiyo maana baadhi ya watafiti wameamua kumwacha mdudu hai na kushughulika na kinachotendeka tumboni mwake. Vimelea vya malaria ambavyo mbu hunyonya pamoja na damu havina budi kupita utumboni kabla ya kufika kwenye tezi za mate, na humo utumboni vingi hufa hata bila msaada wetu. Humo pia ndimo wanamoishi bakteria wa kawaida wa mbu, ambao huongezeka mno kila anapokunywa damu. Bakteria akipewa jeni ya kutengeneza protini inayoua vimelea, basi hukutana navyo pale vilipo vichache na dhaifu.

Njia hii ilianza na ugonjwa wa Chagas, unaoenezwa na wadudu wanyonyao damu huko Amerika ya Kilatini: mwaka 1997 watafiti wa Marekani walieleza jinsi bakteria Rhodococcus rhodnii, aliyeongezewa jeni ya kinga ya nondo, alivyoangamiza vimelea vya ugonjwa huo ndani ya Rhodnius prolixus, mmojawapo wa wadudu wanaoueneza. Kwa upande wa malaria, mwaka 2017 ilionekana maabarani kwamba bakteria aitwaye Serratia AS1 huhama kutoka kwa mbu dume hadi kwa jike wakati wa kujamiiana, kisha hupitia kwenye mayai hadi vizazi vinavyofuata. Naliona hilo kuwa kubwa kuliko yote, kwa sababu hakuna awezaye kumfikishia kila mbu bakteria wake.

Lakini sifa hiyohiyo ya kujieneza ndiyo inayolipa uzito swali lako la pili. Protini huchaguliwa zile zinazodhuru vimelea bila kumdhuru mbu. Hata hivyo, bakteria hupeana jeni wao kwa wao, na aliyekwisha kuachiliwa nje harudishwi. Tahadhari mojawapo, ambayo naiunga mkono kwa dhati, ni kuweka jeni hiyo kwenye plasmidi, yaani kipande cha DNA ambacho bakteria huelekea kukipoteza kadiri vizazi vinavyopita, ili majaribio ya kwanza nje ya maabara yawe ya muda tu.