Maswali ya Wasomaji: Mabondia Wasiosimuliwa na Waliowalea

Barua tulizozichagua mwezi huu zimetoka Malindi na Lamu, na zote zinahusu ndondi. Tumezifupisha bila ya kubadili maana. Tunajibu kwa kirefu pale ambapo suala lenyewe linadai urefu.

SWALI: Mhariri, salaam aleikum. Mimi huwafundisha vijana ndondi kila jioni hapa Maweni, Malindi. Ukumbi hatuna. Tuna uwanja, jozi mbili za glavu, na gunia tulilolijaza matambara, makumbi na mchanga tukalitundika kwenye tawi la mwembe. Vijana wangu wanamjua Muhammad Ali na Mike Tyson basi, na kila mmoja anataka kucheza kama Ali, mikono ikiwa chini. Je, ni akina nani wengine ambao ningewasimulia wakapata la kujifunza? – Mkufunzi, Maweni, Malindi.

JIBU: Waaleikum salaam, mwalimu. Anza na wa nyumbani. Philip Waruinge, bondia wa Nakuru, alishinda dhahabu ya Jumuiya ya Madola katika uzani wa unyoya mara mbili, Kingston mwaka 1966 na Edinburgh mwaka 1970. Baina ya ushindi huo alikwenda Mexico kwa Olimpiki ya 1968, akarudi na medali ya shaba pamoja na Kombe la Val Barker, ambalo hupewa bondia aliyeonyesha ustadi kuwapita wote katika mashindano mazima. Fikiria hapo: waliopata dhahabu walikuwapo, na bado waamuzi wakaona kwamba fundi wa fani hiyo ni kijana wa Kenya aliyesimama kwenye ngazi ya shaba. Mwaka 1972, Munich, alipata fedha, na wenzake Richard Murunga na Samuel Mbugua wakaleta shaba. Baadaye Waruinge alihamia Japani akawa bondia wa kulipwa, na mwaka 1976 akapigania ubingwa wa dunia nchini Panama dhidi ya Rigoberto Riasco, akashindwa. Naona ni hasara kubwa kwa kijana wa pwani yetu kuvaa glavu bila ya kuwahi kulisikia jina lake.

Sasa tuje kwa hao wanaoshusha mikono. Wasimulie habari za Eddie Futch. Alizaliwa Mississippi mwaka 1911 na kukulia Detroit, ambako alikuwa bondia wa uzani mwepesi mwenye kasi kiasi cha Joe Louis, bingwa wa dunia wa baadaye aliyemzidi sana kwa uzito, kupenda kufanya naye mazoezi ili apate kupimana na mtu mwepesi. Alipotaka kuingia kwenye ndondi za kulipwa, madaktari waligundua kwamba moyo wake una kasoro wakamkataza. Ndipo akageukia kufundisha, na kazi hiyo aliifanya kwa miongo mingi, akiwa mtu wa sauti ya chini na macho makali. Kati ya watu watano waliowahi kumshinda Ali ulingoni, wanne walipita mikononi mwake kwa wakati mmoja au mwingine, nao ni Joe Frazier, Ken Norton, Larry Holmes na Trevor Berbick.

Jambo hilo halikutokea kwa bahati. Bondia aliyefundishwa vizuri huuweka mkono wa kulia karibu na shavu, na kwa kiganja chake huidaka ngumi ya moja kwa moja inayorushwa na mkono wa kushoto wa mpinzani. Futch aliona kwamba Ali, kila anaporusha ngumi yake ya kushoto, mkono wake wa kulia huwa haupo mahali pake, kwa sababu alizoea kuziepa ngumi kwa kurudisha kichwa nyuma. Basi akamwagiza Norton hivi: asingoje ngumi ya Ali ipite ndipo ajibu, bali arushe ya kwake ya kushoto papo hapo, Ali anaporusha. Hapatakuwa na kiganja cha kuidaka. Walipokutana San Diego tarehe 31 Machi 1973, Norton, ambaye wengi hawakumpa hata nafasi, alimvunja Ali taya akashinda kwa pointi. Lifanyeni hilo kwa vitendo jioni moja, wawili wawili, polepole na bila ya nguvu, na yule anayependa kushusha mkono atajionea mwenyewe ngumi inapopenya.

Na kuhusu Ali mwenyewe, karibu kila mtu amesikia kwamba alipokuwa na umri wa miaka 12 aliibiwa baiskeli huko Louisville, na kwamba polisi mmoja, Joe Martin, ndiye aliyemwambia ajifunze kwanza kupigana. Wachache wamelisikia jina la Fred Stoner. Huyu alikuwa mkufunzi mweusi aliyewafundisha vijana katika kituo cha jamii cha Grace, kwenye mtaa wa watu weusi, wakati mji huo ulikuwa umegawanywa kwa rangi. Ali alimwendea akiwa bado kijana mdogo, na baadaye alisema wazi kwamba maarifa ya ndani ya mchezo, mwendo wake na stamina yake, aliyapata kwa Stoner. Martin alikuwa na kipindi cha ndondi katika televisheni ya mji huo, Stoner hakuwa nacho; nadhani hiyo ni sehemu kubwa ya sababu ya mmoja kukumbukwa na mwingine kusahauliwa.

Neno dogo kuhusu gunia lenu. Utoeni mchanga. Mchanga hushuka ukajikusanya chini, ukawa mgumu kama jiwe, na vijana hujeruhika viwiko na vifundo vya mikono. Makumbi na matambara yanatosha, mradi myashindilie vizuri na kuyageuza kila baada ya muda.

SWALI: Nilipokuwa kijana tulikuwa tukisikia kwenye redio habari za Dick Tiger wa Nigeria. Alimalizikia wapi, na je, kabla yake alikuwapo Mwafrika mwingine aliyepata ubingwa wa dunia? – Mzee wa Shela, Lamu.

JIBU: Shikamoo, mzee wetu. Walikuwapo. Wa kwanza aliyezaliwa Afrika alikuwa Battling Siki wa Saint-Louis, Senegal, ambaye jina lake la nyumbani lilikuwa Mbarick Fall. Alipigana katika Vita Vikuu vya Kwanza upande wa Ufaransa akapata nishani ya ushujaa. Tarehe 24 Septemba 1922, mjini Paris, alimwangusha katika raundi ya 6 Georges Carpentier, bingwa wa dunia na kipenzi cha Wafaransa wote. Refa alitaka kumnyang'anya ushindi kwa madai kwamba alimtega mguu mwenzake. Watazamaji, ambao wengi wao walikuwa Wafaransa weupe, walipiga kelele uwanja mzima hadi majaji wakautengua uamuzi huo. Miezi michache baadaye shirikisho la ndondi la Ufaransa lilipomfungia, mtu aliyesimama bungeni kumtetea alikuwa Blaise Diagne, mbunge wa Senegal. Diagne ni mtu wa siasa na hakuwahi kuvaa glavu, lakini katika habari za mabondia wa Afrika namuweka mstari wa mbele, kwa sababu bila ya mtu wa namna hiyo bondia hubaki peke yake mara tu anapotoka ulingoni. Siki alipigwa risasi akafa mtaani New York mwezi Desemba 1925, na mabaki yake yalirudishwa Senegal mwaka 1993.

Baada yake alikuja Hogan Bassey wa Nigeria, bingwa wa uzani wa unyoya mwaka 1957. Dick Tiger, ambaye jina lake ni Richard Ihetu, alitwaa ubingwa wa uzani wa kati mwaka 1962 kwa kumshinda Gene Fullmer, na mwaka uliofuata akautetea mjini Ibadan dhidi ya Fullmer yule yule, mbele ya watu wake. Mwaka 1966 akapanda uzani na kumpokonya José Torres taji jingine. Vita vya Biafra, jimbo lililotaka kujitenga na Nigeria, vilipozuka alikuwa upande wa Waigbo wenzake, na mwaka 1969 aliirudisha kwa serikali ya Uingereza nishani ya MBE aliyotunukiwa, akipinga msaada wa nchi hiyo kwa serikali ya Nigeria. Mali yake kubwa ilipotea vitani. Baada ya kustaafu alifanya kazi ya ulinzi katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, hadi alipopatikana na saratani ya ini. Akarudi nyumbani, akafariki mjini Aba mwezi Desemba 1971.

SWALI: Mwanangu wa kiume ameshikilia kwenda kujifunza ndondi, na mimi roho haitulii. Nasikia mchezo huu huua. Nimzuie? – Mama wa watatu, Langoni, Lamu.

JIBU: Mama, hofu yako ni ya haki na hatutaipuuza. Robert Wangila ndiye Mkenya pekee aliyewahi kushinda dhahabu ya ndondi katika Olimpiki, Seoul mwaka 1988, ambako alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili ya fainali. Mwezi Julai 1994 alipanda ulingoni Las Vegas dhidi ya David Gonzales. Katika raundi ya 9 refa alisimamisha pambano. Wangila alilalamika akiamini kwamba angali na uwezo wa kuendelea, akaenda kwa miguu yake mwenyewe hadi chumba cha kuvalia, na huko akapoteza fahamu. Alifanyiwa upasuaji wa ubongo lakini hakuamka tena. Angalia jambo hilo kwa makini, mama: yule aliyeumia ndiye aliyekuwa wa mwisho kujua kwamba ameumia. Kwa hiyo usalama wa bondia hauwezi kuachwa mikononi mwake.

Hapa ndipo ninapomrudia Eddie Futch niliyemtaja juu. Tarehe 1 Oktoba 1975, mjini Manila, alikuwa kwenye kona ya Joe Frazier dhidi ya Ali. Raundi 14 zilikuwa zimekwisha, imebaki moja tu, na wote wawili walikuwa hoi. Jicho la kulia la Frazier lilikuwa limevimba likafumba, na la kushoto lilikuwa na kasoro ya tangu zamani, hivyo ngumi za mkono wa kulia wa Ali alikuwa hazioni zikija. Frazier alitaka kuendelea, lakini Futch alimkatalia, akamwashiria refa kwamba pambano limekwisha. Nafasi ya ubingwa wa dunia iliondoka hapo hapo, na Frazier alikaa na uchungu wa uamuzi ule kwa miaka mingi. Futch hakuujutia hata siku moja, kwa sababu alikwisha kuona mabondia wakifa na alijua kwamba Frazier alikuwa na watoto nyumbani. Wahenga wetu walisema asiyekubali kushindwa si mshindani, na mkufunzi asiyeweza kukubali kushindwa kwa niaba ya kijana wake hafai kukabidhiwa mtoto wa mtu.

Kwa hiyo sikushauri umzuie kabla ya kwenda kumwona huyo mkufunzi. Nenda na mjomba wake au yeyote mnayemwamini, mkae pembeni mtazame mazoezi jioni nzima. Je, watoto wanapangwa kwa uzani, au mkubwa anaachiwa mdogo? Wanavaa kinga ya kichwa na ya meno wanapopimana nguvu? Aliyepigwa akayumba hutolewa mara moja, au huchekwa na kuambiwa akaze moyo? Muulize mkufunzi ni lini mara ya mwisho alipomsimamisha kijana wake mwenyewe. Muulize pia hufanya nini kijana akiangushwa kwa ngumi ya kichwa. Jibu sahihi ni kwamba haruhusiwi kupigana wala kupimana nguvu kwa muda usiopungua siku 30, na hurudi kwa idhini ya daktari. Akijibu kwa hasira au kwa kicheko, mchukue mwanao mrudi nyumbani.

SWALI: Mimi ni msichana wa miaka 17 na nimeanza mazoezi na kaka zangu. Nyumbani hawana neno, lakini watu wengine wanasema mchezo huu si wa wanawake, na kwamba mashindanoni nitalazimishwa kuvua hijabu. Ni kweli? – Msomaji, Shella, Malindi.

JIBU: Binti yangu, ndondi za wanawake ziliingia Olimpiki mara ya kwanza London mwaka 2012, na Kenya ilikuwapo kupitia Elizabeth Andiego. Christine Ongare alipata shaba ya Jumuiya ya Madola mwaka 2018, kisha akashiriki Olimpiki ya Tokyo. Fatuma Zarika alitwaa mkanda wa ubingwa wa dunia wa WBC (Baraza la Ndondi la Dunia) mwaka 2016 huko Marekani kwa kumshinda Alicia Ashley. Kwa hiyo hilo la kwanza limekwisha kujibiwa ulingoni.

Ila mlango huo haukujifungua wenyewe. Marian Trimiar wa New York, aliyejulikana kama Lady Tyger, alikuwa miongoni mwa wanawake watatu wa kwanza kupewa leseni ya ndondi na jimbo hilo mwaka 1978, baada ya kukataliwa kwa miaka. Mwaka 1987 aligoma kula kwa mwezi mzima kudai malipo na mazingira bora kwa mabondia wa kike. Wasichana wengi wanaovaa glavu leo hawajawahi kumsikia.

Kuhusu hijabu, msimulie yeyote anayekutisha habari za Amaiya Zafar wa Minnesota. Mwaka 2016, akiwa na umri wa miaka 16, alisafiri hadi Florida kwa pambano lake, na waamuzi wakamwondoa kabla kengele haijalia kwa sababu alikataa kuvua hijabu na kuonyesha mikono na miguu. Mpinzani wake alipewa ushindi, lakini aliona si haki, akamwendea akashirikiana naye mkanda. Zafar na wazazi wake waliendelea kudai hadi chama cha ndondi cha Marekani kikamruhusu mwaka 2017, akapigana akiwa amejisitiri. Mwaka 2019 shirikisho la dunia la ndondi za ridhaa likabadili kanuni za mavazi na kuruhusu hijabu na nguo za kufunika mwili. Mwambie mkufunzi wako aulizie kanuni hiyo kwa maandishi kwa waandaaji wiki kadhaa kabla ya shindano lako la kwanza, na barua ya majibu muwe nayo mkononi siku ya kupimwa uzani.