Jibu kwa mama wa Malindi: makengeza ya mtoto hayangoji akue

Dada, umeandika kwamba binti yako wa miaka 4, hapo Malindi, jicho lake la kushoto huingia ndani kila akitazama kitu cha karibu, na nyanyake anasema umwache, yatamtoka akikua. Nasi tuliambiwa maneno hayo hayo, na yalitupotezea mwaka mzima. Ndiyo maana naandika kwa urefu.

Mimi ni mchonga milango hapa Lamu. Mwanangu alianza makengeza akiwa na miaka 3 na nusu. Zahanati tuliyokwenda kwanza walisema ni mambo ya utoto, tukarudi nyumbani tumetulia. Mwaka uliofuata alikuwa akishinda nami karakanani. Nikimpa msumari, mkono wake unapita kando. Akimimina maji, yanamwagika nje ya kikombe. Nilidhani ni uzembe, nikawa namkemea, na hilo linaniuma mpaka leo.

Jioni moja tukicheza nikamfumba jicho la kushoto kwa kiganja. Akatulia, akaendelea kucheka. Nilipomfumba la kulia alinisukuma mkono na kuanza kulia. Hapo nikajua anaona kwa jicho moja tu.

Daktari wa macho Mombasa alitueleza hivi: macho yasipolenga pamoja, ubongo wa mtoto hupokea picha mbili zisizolingana, basi huikataa moja ili asione viwili viwili. Jicho lililokataliwa linaweza kuwa zima kabisa, ila ubongo haujifunzi kuonea kwalo. Wao huliita jicho vivu. Tiba hushika vizuri zaidi kabla ya miaka 7 au 8. Baada ya hapo bado inaweza kusaidia, lakini kwa taabu zaidi na matokeo huwa haba. Kichanga wa chini ya miezi 4 macho yake kuzungukazunguka si ajabu. Wa miaka 4, hapana.

Safari yetu ilikuwa boti hadi Mokowe, kisha basi kupitia Witu na Garsen. Wewe uko Malindi, Mombasa ni kama kilomita 120 tu, usione mbali. Usihofu kwamba binti yako hajui kusoma. Wetu alionyeshwa herufi E zilizogeuzwa, akawa anaonyesha kwa vidole zinaelekea wapi. Kisha wakamtia matone ya kupanua mboni na kulegeza macho, ili wapime nguvu ya miwani kwa tochi yao bila kumuuliza neno. Asipotiwa matone hayo, mtoto hukaza macho na kipimo kikadanganya. Mchukulie kofia, maana akitoka nje jua litamsumbua, na ukungu unaweza kukaa mpaka kesho yake.

Ilionekana macho ya mwanangu hujikaza mno ili kuona karibu, na kule kujikaza ndiko kulikolivuta jicho ndani. Akapewa miwani. Akiivaa, jicho linanyooka, akiivua, linarudi. Majirani wakasema miwani inamharibu. Siyo, miwani inafanya kazi ndiyo maana tofauti inaonekana. Makengeza mengine huhitaji upasuaji, lakini upasuaji hunyoosha jicho tu, haulifundishi kuona.

Baada ya miezi 4 ya miwani tukaanza kulifunika jicho linaloona vizuri, saa 2 kwa siku, ili lile vivu lilazimike kufanya kazi. Hapa ndipo penye jasho, dada. Plasta ibandikwe kwenye ngozi, si juu ya kioo, la sivyo atachungulia pembeni. Kwa joto letu la kaskazi inabanduka na ngozi inawasha, kwa hiyo tukawa tunambandika asubuhi mapema. Wiki 2 za kwanza zilikuwa vilio. Aliyetuokoa ni nyanya wa mwanangu, ambaye mwanzo naye alikuwa akipinga: alimkalisha mkekani wakatunga asumini, ua moja baada ya jingine kwenye uzi, na siku nyingine wakachambua mchele. Kazi za karibu kama hizo ndizo jicho linazohitaji. Kwa jicho lile vivu, alianza akiona herufi ya juu kabisa tu kwenye chati ya kupimia macho. Baada ya miezi 8 alishuka mistari minne. Wasiostahimili plasta kabisa, daktari anaweza kuwapa matone ya atropini ya kulitia ukungu lile jicho zuri.

Usimtie wanja, mwingine una madini ya risasi. Wala usinunue matone dukani kwa kubahatisha; yenye steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, yakitumiwa kiholela hupandisha presha ya jicho.

Jambo moja ulifanye leo hii: tazama picha zake zilizopigwa kwa mwanga wa simu. Ukiona mboni moja inang'aa nyeupe, usingoje siku ya kliniki, mpeleke mara moja. Huenda ikawa mtoto wa jicho, na huenda ikawa saratani. Kama hakuna weupe, mfumbe jicho moja moja akiwa ameshiba na hana usingizi, uandike ni lipi analokataa lifumbwe. Daktari atakuuliza.