Kideri kimeingia bandani: kasuku wangu yuko salama?

Kuku wangu saba wamekufa wiki hii. Walihara kijani, wakapinda shingo. Kasuku wangu anakaa barazani, hatua chache tu kutoka bandani. Ataambukizwa? (Msomaji, Mbagala)

Pole sana, mama. Dalili hizo ni za kideri, ambacho wengine wanakiita mdondo, na kirusi chake kinashambulia ndege wa aina nyingi, kasuku wakiwemo. Mwingize ndani leo hii. Ila kumhamisha peke yake hakutoshi. Kirusi hutoka na kinyesi na makamasi, kikang'ang'ania kwenye kandambili, kwenye pindo la kanga, kwenye ndoo ya maji. Nimeona wengi wakimficha ndege chumbani, halafu wanamfuata na viatu vile vile vya bandani. Mhudumie kasuku kwanza asubuhi, kuku baadaye. Ukitoka bandani acha viatu nje, nawa kwa sabuni, badili nguo. Mizoga ifukie shimo refu. Wanaoumwa usiwachinje, maana damu na manyoya yatasambaa ua mzima. Na mwite afisa mifugo, kwa sababu mafua ya ndege nayo huua kwa mkupuo na kwa macho huwezi kuyatofautisha na kideri.

Je, kasuku naye anaweza kuwaambukiza kuku?

Anaweza, na limeshatokea kwa gharama kubwa. Mwaka 1971 kideri kikali kiliingia California, Marekani, kikihusishwa na ndege wa kufugwa tunduni walioagizwa kutoka nje. Hadi kinadhibitiwa, karibu ndege milioni 12 walikuwa wameuawa, wengi wao kuku wa mayai. Linalonitia hofu ni hili: baadhi ya kasuku huonekana wazima kabisa huku wakitoa kirusi kwenye kinyesi kwa miezi mingi, hata kupita mwaka. Kwa hiyo ndege mgeni atengwe siku 30 angalau, na vyombo vyake viwe vya peke yake. Aliyenunuliwa kwa mchuuzi asiyeweza kusema kamtoa wapi, mimi nisingemwingiza nyumbani hata kidogo. Huenda amekamatwa porini: kasuku wa kijivu anazidi kutoweka misituni, na tangu 2017 biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini imepigwa marufuku.

Nina chanjo ya kideri ya matone, I-2. Nimdondoshee na kasuku?

Hapana, usijaribu bila daktari wa mifugo. Chanjo hiyo ni ya kuku: tone moja jichoni, ukirudia kila baada ya miezi 3 hadi 4. Wachanje kuku wote, vifaranga na majogoo, na waombe majirani nao wachanje. Kuku wa mtaa wakiwa wamekingwa, kasuku wako naye anakuwa salama zaidi.

Na gumboro? Na ndui?

Gumboro ni ugonjwa wa kuku, usikunyime usingizi kwa ajili ya kasuku. Ndui ya kasuku husababishwa na kirusi cha jamii moja na cha kuku, ila si kile kile. Mbu hueneza zote mbili, kwa hiyo funika tundu kwa chandarua usiku.

Nampa pumba za kuku zilizobaki. Kuna ubaya? (Msomaji, Tanga)

Upo. Pumba zilizopata unyevu huota ukungu, na vumbi lake likiingia kwenye mapafu ya kasuku wa kijivu kumtibu ni kazi ngumu. Mpe matunda, mboga za majani, na nafaka kavu safi. Parachichi usimpe kamwe, ni sumu kwake.

Watoto wangu wanambusu mdomoni. Wao je?

Wakatazeni, kwa upole. Kuna homa ya kasuku, inayoletwa na bakteria wanaopatikana pia kwa bata, bata mzinga na njiwa. Mwaka 1929 na 1930 ilizuka katika nchi kadhaa kutokana na kasuku waliosafirishwa kutoka Amerika ya Kusini, na watu wakafa. Leo inatibika kwa dawa ya doksisaiklini ikigundulika mapema. Tatizo ni kwamba inafanana na mafua makali au malaria: homa, kichwa kuuma, kikohozi kikavu. Mtoto akiugua hivyo, mwambie daktari kwamba nyumbani mnafuga kasuku, hata kama hajakuuliza.